Ng'ombe Wanane wa Robi

Robi Nyamhanga alilipwa mshahara wa karani wa mizani kwa miaka kumi na sita, na katika miaka yote hiyo hakupima hata kilo moja ya pamba. Kazi yake ilikuwa miguu. Kiwanda kimoja cha kuchambua pamba pale Bunda kilikuwa na timu ya baiskeli, na kwa kuwa hapakuwa na fungu la kumlipa mtu kwa kukanyaga pedeli, kila mwendeshaji aliandikiwa cheo cha uongo. Kulikuwa na mlinzi ambaye hajawahi kulinda, mpishi asiyejua kuinjika sufuria, na karani Robi. Asubuhi wenzake wakiingia kazini, yeye alikuwa keshafika Kiabakari na anageuza.

Wanaosimulia habari za enzi zile siku hizi wanazitia sukari, wakati sukari yenyewe haikuwepo. Baada ya vita vya Uganda tairi ziliadimika kuliko dawa. Fundi Pazi, aliyetengeneza baiskeli za timu, alifika mahali akasema yeye sasa hazibi mpira, anaziba viraka. Viraka navyo vilipokwisha, alijaza tairi majani makavu, akazikaza kwa vipande vya mpira wa lori, na Robi akapanda kilima cha Butiama na majani yake akamaliza wa kwanza. Mwaka themanini na tatu alishinda mbio za Musoma. Mwanaume aliyeshinda siku hiyo alipewa baiskeli mpya. Robi alipewa katoni ya sabuni ya mche.

Aliifunga katoni nyuma ya tandiko, akaanza safari ya kurudi Bunda huku amejaa furaha, maana sabuni ilikuwa sabuni. Njiani akakuta kizuizi. Ulikuwa mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi, na mwenye katoni nzima bila risiti alikuwa mhujumu tosha. Akaulizwa risiti. Akasema, "Nimeshinda." Askari akacheka mpaka akashika tumbo. Robi alilala rumande siku mbili, na alipoachiwa hakurudishiwa hata kipande cha kunawia.

Lakini sabuni si kitu. Kilichomuuma maisha yake yote ni ng'ombe.

Mwaka themanini alikuwa ameolewa na mtu wa upande wa Tarime, kwa ng'ombe kumi na wawili. Mtoto hakuja. Wakwe wakasema tandiko la baiskeli limemharibu tumbo, na mume, ambaye siku za uchumba alikuwa akisimama barabarani kumpigia makofi, akakubaliana nao. Akamrudisha kwao. Na kwa Wakurya mwanamke harudishwi peke yake. Ndoa yao haivunjwi kwa maneno wala kwa karatasi. Huvunjwa siku ile ng'ombe wanaporudi katika zizi walikotoka, mashahidi wakiwa wamesimama, na mwenyewe akatamka kwamba amepokea.

Ng'ombe wenyewe hawakuwepo. Mdogo wake, Mniko, alikuwa amekwisha kuwatoa mahari ya mke wake. Baba yao akamtazama Robi, akamwambia neno moja tu: "Tafuta." Akatafuta. Miaka mitatu mshahara wa ukarani uliishia kwenye minada ya mifugo, akajikomboa mkia kwa mkia. Siku wale wa mwisho wanaswagwa kuondoka, alisimama kando ya zizi la baba yake, nje kidogo ya Butiama, akaapa kwamba yeye akiwa hai hakuna binti atakayepimwa kwa ng'ombe mbele ya macho yake. Maneno mazuri hayo. Tuyaache hapo kwanza, tutayarudia.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Soko la Musoma likajaa mitumba, redio, na tairi za kila namna zikaning'inia mpaka kwenye vibanda vya wauza nyanya. Ungedhani sasa watu wa baiskeli wamefika peponi. Wapi! Tairi zilipokuja, kiwanda kikafa. Mwaka tisini na tatu watu walipunguzwa, na wa kwanza kupunguzwa walikuwa wale ambao ofisi haikukumbuka wanafanya kazi gani. Robi alipewa kiinua mgongo na, kwa kuwa hakuna aliyezitaka, baiskeli sita za mbio. Wenzake walinunua cherehani na mashine za kusaga. Yeye alihamia Nyasho, Musoma, akapanga nyumba ya vyumba vitatu, akaandika mlangoni kwa chokaa: TIMU YA BAISKELI YA WANAWAKE. MENEJA: R. NYAMHANGA. Majirani walisoma, wakacheka, wakaenda zao.

Meneja bila timu ni kama jogoo bila kuku. Akaanza kuzunguka vijijini kutafuta wasichana wenye pumzi, na ndivyo alivyofika Buswahili siku moja ya joto, akamwona binti anatoka mashineni na debe la unga nyuma ya baiskeli ya Foniksi, kubwa ya kiume. Binti akafika kwenye mlima. Hakushuka. Robi alimfuata kwa baiskeli ya mbio, hana mzigo, na hakumpata mpaka mbele ya nyumba yao. Alikuta debe limeshashushwa. Moyo wa Robi ulikuwa unapiga, na si kwa ajili ya mlima.

Binti aliitwa Gati, ana miaka kumi na saba. Baba yake, Keraryo, alikuwa ameketi anachonga mpini.

"Umechelewa, mama," alisema Keraryo aliposikia habari za timu. "Huyu ana mwenyewe. Kuna mzee wa ng'ambo ya mto ameshaletaga neno. Ng'ombe nane."

"Mzee wa miaka mingapi?"

"Miaka yake nitafanyia nini? Mimi nimeuliza ng'ombe."

Robi aligusa mkoba wake. Alikuwa na kiinua mgongo kwenye bahasha, hakijaguswa. Na alijua mila moja ambayo kila Mkurya anaijua, nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, binti akaingia nyumbani mwake, na watoto atakaowazaa na mwanamume atakayechaguliwa wakawa wa nyumba ya yule mama. Ni mila ya heshima, na imewasitiri wajane wengi. Robi hakutaka watoto. Alitaka ile miguu. Lakini, kiapo au si kiapo, mlango wa kumtoa Gati pale ulikuwa huo mmoja.

"Mimi nitatoa nane," alisema. "Kwa nyumba ntobhu."

Keraryo akaacha mpini. Wazee wakaitwa, wakaulizwa, wakakubali. Mniko akaulizwa kwa kuwa mambo ya ng'ombe yanapitia zizi alilorithi kwa baba yao, akakubali. Hata mzee wa ng'ambo ya mto aliulizwa kama ana kinyongo. Gati alikuwa jikoni anapika ugali wa wageni, na hakuna mtu aliyemwuliza kitu.

Siku ya kumchukua, Robi alimwambia njiani: "Haya ya ng'ombe ni ya kuwafunga wazee midomo. Kwangu wewe ni mwendeshaji tu."

"Sawa, meneja," alisema Gati.

Na kwa muda ilikuwa kweli. Robi alimpa chumba cha peke yake, kitanda cha peke yake na baiskeli nyekundu, iliyokuwa bora katika zile sita. Akamfundisha kujificha nyuma ya gurudumu la mwenzake upepo wa ziwa unapovuma, kula kiazi kitamu bila kushuka, kutopoteza pumzi kwa kujibu matusi ya madereva wa malori. Wasichana wengine watatu waliongezeka. Fundi Pazi, naye amepunguzwa, alihamia Nyasho kuwatengenezea. Mwaka mmoja tu, na Gati alishinda Bunda, akashinda Shirati, akawa wa pili Mwanza kwa urefu wa tairi. Zawadi zilikuwa khanga na vyombo, na zote ziliingia kwenye sanduku la Robi, chini ya kitanda cha Robi. Hakuna aliyelalamika. Hivyo ndivyo nyumba zinavyokwenda.

Katikati ya mwaka tisini na nne ikaja barua kutoka Dar es Salaam. Gati alichaguliwa kwenda kambini na timu ya taifa, miezi sita. Aliisoma mara mbili kwa sauti, akaanza kufunga nguo zake kwenye khanga hata kabla ya chakula cha mchana.

Robi akasema hapana. Alikuwa na sababu, na ukimwuliza leo atakupa zote: kambi hazina chakula, viongozi wa kule wana tamaa, msichana bado mdogo. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba Gati akienda atakuwa wa kocha mwingine, na Robi atabaki na mlango wenye chokaa.

"Lakini meneja, wewe mwenyewe ulisemaga," Gati alisema. "Ulisemaga nikishinda Mwanza nitafika mbali."

"Hujashinda Mwanza."

"Nilikuwa wa pili!"

"Hapana, nimesema. Mke wa nyumba hii halali nje!"

Neno limetoka. Pazi, aliyekuwa anakaza spoku kizingitini, aliinamisha kichwa kama mtu aliyerushiwa jiwe. Gati alimtazama Robi, kisha akalitazama furushi lake, akalifungua, akazirudisha nguo moja moja kwenye kamba.

Kuanzia siku hiyo aliacha kumwita meneja. Akamwita mama, kama mke wa nyumba ntobhu anavyomwita aliyemtolea ng'ombe. Alimpigia magoti akimpa maji ya kunawa. Aliamka mapema akafagia kabla ya mazoezi. Na Robi, mwanamke aliyejua upepo unatoka wapi kwa kuhisi shingoni tu, alifurahi. Alidhani msichana amekua. Alimwambia Pazi, "Umeona? Ameniita mama." Pazi akasema ameona.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Mniko akaja Nyasho na kuku mkononi. Alikula, akashiba, akafika kwenye kilichomleta.

"Dada, watu wananiuliza. Ng'ombe nane zimekwenda, mwaka wa pili huu, mtoto yuko wapi? Baba alikufa anataka jina lake lirudi. Mimi nimeangalia kijana mmoja wa ukoo, mtaratibu, halewi. Anaweza kuwa anakuja hapa."

Gati alikuwa uani, anasugua mnyororo kwa brashi na mafuta ya taa. Chumba na ua vilitenganishwa na pazia tu.

"Baada ya Nane Nane tutaongea," Robi alisema.

Brashi ikanyamaza uani. Kisha ikaendelea.

Robi aliisikia. Alijua angepaswa kuinuka, apite pazia, aseme: mwanangu, nimemwambia vile ili aondoke. Miguu haikuinuka. Kwa sababu haikuwa hivyo tu. Usiku mmoja au miwili, hatukatai, alikuwa ameshamwona huyo mtoto, mvulana, anaitwa Nyamhanga, ana mapaja ya Gati, na yeye Robi anamshikia baiskeli nyuma asianguke. Aliona aibu, na bado aliendelea kumwona. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Yule aliyerudishwa kwao kwa sababu ya tumbo, leo alikuwa anapiga hesabu ya tumbo la mwenzake.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi, na kila mwenye duka alikuwa na jambo la kuwafanyia wananchi. Hamduni, mfanyabiashara wa sangara na mitumba pale Musoma, alikuwa anautaka udiwani. Akatangaza mbio kubwa za Nane Nane: Musoma hadi Bunda, kugeuza, kurudi kumalizia Butiama. Zawadi ya mshindi, ng'ombe wanane. Gari la matangazo lilipita Nyasho yote likipiga kelele: nane kwa Nane Nane! Kwa wanawake, seti ya vyombo vya plastiki.

Robi alivaa gauni la kanisani, akaenda kwenye kamati.

"Bwana Hamduni," alisema, wanaume saba wakiwa mezani, "mwaka themanini na tatu nililala ndani kwa ajili ya katoni ya sabuni. Vyombo vyenu sivitaki. Njia ni ileile, jua lilelile. Mwanamke akifika Butiama wa kwanza, apewe ng'ombe nane."

"Bi Robi, ng'ombe si dagaa."

"Kwani wapigakura wako ni kina nani? Nenda kaangalie kwenye daftari. Wanawake ndio wengi."

Hamduni alikuwa mfanyabiashara. Alicheka, akajikuna ndevu, akakubali. Robi hakutosheka. Alidai iandikwe kwamba ng'ombe ni wa mshindi mwenyewe, wakabidhiwe mkononi mwake, wala asidai baba, mume, wala kiongozi wa timu. Alikumbuka sabuni, alikumbuka zawadi za kina dada wenzake zilizokuwa zikiishia kwa waume zao. Kamati ikaandika, ikapiga muhuri. Robi alirudi Nyasho anatembea katikati ya barabara kama aliyeolewa upya.

"Gati! Ng'ombe nane! Wanawake nao nane!"

Gati aliweka chini ndoo. "Wangapi, mama?"

"Nane! Umekuwa kiziwi?"

"Zitakuwa za nani? Za nyumba?"

"Za mshindi mwenyewe. Nimewaandikisha, na muhuri upo. Hata mimi siwezi kuzigusa bila idhini yako." Robi alisema hayo huku anacheka, maana kwake yalikuwa maneno ya barazani. Alikwisha kuwagawa kichwani: wawili kuuzwa wanunue magurudumu, mmoja kodi ya nyumba, wengine wakae kwa Mniko wazaane, timu isife.

Gati alimshukuru kwa magoti yote mawili. Kisha akaenda kuvaa viatu vya mazoezi, ingawa alikuwa ametoka mazoezini asubuhi hiyohiyo.

Miezi ile hakuna aliyewahi kumwona msichana akifanya kazi namna ile. Alikuwa anafika Bunda na kurudi kabla jua halijakaa sawa. Alipanda kilima cha Butiama mara kumi kwa siku moja, akatapika, akapanda mara ya kumi na moja. Wale wenzake watatu walishindwa hata kumfuata kwa macho. Robi alikuwa anasimama kileleni na saa mkononi, machozi yanamlengalenga, akijisemea kwamba haya ndiyo mapenzi ya timu, na kwamba kumbe kale kaneno ka mwaka jana kalishasahaulika. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema. Robi alitenda wema, akakaa palepale kuusubiri ulipwe, na alipoona unakuja akadhani ndio huo.

Siku ya Nane Nane wanawake kumi na tisa walianza kabla ya wanaume, alfajiri na mapema, ukungu bado uko ziwani. Robi alikuwa nyuma ya pikapu pamoja na Pazi, na miguuni pake gurudumu moja limezungushiwa kitenge. Lilikuwa gurudumu lake mwenyewe la mbele, alilotumia siku zake zote za kiwandani. Alikuwa hajawahi kumpa mtu. Lilitundikwa ukutani Nyasho na kila Jumapili lilipanguswa. Alilichukua siku ile kwa sababu magurudumu ya akiba yalikuwa yamekwisha.

Hadi Bunda walikwenda kundi moja. Walipogeuza, Gati akaondoka na mmoja tu akamfuata, msichana mrefu wa Mwanza mwenye baiskeli mpya kabisa. Walikuja hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, wakipokezana upepo, lami imechimbika kila mahali. Karibu na Kiabakari, Gati akaingia shimoni. Tairi ya mbele ikalia, rimu ikapinda. Yule wa Mwanza hakugeuka hata kutazama.

Robi aliruka kutoka kwenye pikapu haijasimama vizuri. Alikuwa na miaka karibu arobaini na goti bovu, na aliruka. Akafungua kitenge. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe: hili toka, hili ingia, kaza kulia, kaza kushoto.

"Mama," Gati alisema, anahema. "Hili si ni lako?"

"Panda."

"Mama, usinipe hili. Nipe lingine."

"Hakuna lingine! Panda, mwanangu, nenda!"

Gati alimtazama, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayetaka kukiri jambo. Kisha akapanda. Robi akamsukuma mgongoni kwa mikono miwili, akakimbia naye hatua kumi, ishirini, mpaka goti likakataa.

Wale wanaoujua mlima wa Butiama wanajua kwamba baiskeli mpya haisaidii pale. Katikati ya mlima Gati alimkuta wa Mwanza, akampita bila kumtazama, akafika juu peke yake, vumbi limemgeuza rangi. Watu walipiga vigelegele. Robi alilia juu ya pikapu kwa sauti, kama kwenye msiba, na Pazi akampa tambara la grisi kujifuta, maana ndilo alilokuwa nalo. Hamduni alimkabidhi Gati kamba ya ng'ombe wa kwanza mbele ya watu wote. Keraryo alikuwepo, amekuja kwa miguu toka Buswahili na wazee wawili. Robi alimsalimia kwa furaha. Alidhani amekuja kushangilia.

Jioni Gati aliomba ruhusa alale na baba yake kwa ndugu zao palepale Butiama. Robi akamruhusu. Yeye alilala kwa Mniko, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kimpunguze alilala fofofo.

Asubuhi, anakunywa uji nje, akasikia kengele za ng'ombe. Akawaona wanakuja wote wanane kwenye njia ya zizi, Gati mbele amevaa khanga na kitambaa kichwani, Keraryo na wale wazee wawili nyuma na fimbo zao. Mniko akainuka haraka akafungue zizi. "Mungu mkubwa, dada! Wameletwa kwetu!"

Robi naye akainuka, anatabasamu. Kisha akaona wale wazee wanasimama upande wa kulia wa mlango wa zizi, fimbo zimelazwa begani. Mashahidi husimama hivyo. Alikwisha kuwaona wamesimama hivyo mara moja katika maisha yake, kwenye zizi la wakwe zake. Akaliweka bakuli la uji chini.

"Mama Robi," Keraryo alisema, amevua kofia, "uliniletea ng'ombe nane. Nimekuja kuzirudisha. Mtoto amezitafuta mwenyewe. Sina ugomvi na wewe."

Waliingia mmoja mmoja. Mniko aliwapapasa migongo, akawafungua midomo kuangalia meno, na ilikuwa wazi kwamba hawa ni bora kuliko wale waliotoka. Robi hakuwatazama. Alikuwa anamtazama Gati.

"Ningekuachia uende," alisema. "Ungeniambia tu."

"Niliwahi kukuambia, mama. Barua ilikuja."

"Na lile la Mniko, la yule kijana. Nisingekubali. Nilisema vile ili aondoke."

Gati alingoja, kama anampa nafasi aseme tena, na safari hii aape. Robi akajaribu. Akafungua mdomo, na yule mvulana mwenye mapaja ya Gati akapita mbele ya macho yake, na kiapo hakikutoka.

"Basi," Gati alisema taratibu. "Baiskeli nimeiacha kwa Pazi. Nimeiosha. Gurudumu lako liko juu yake, sijaligusa."

"Unakwenda timu gani? Ya Dar es Salaam? Ya Mwanza?"

"Sijui bado. Ningekuuliza wewe, maana hakuna anayezijua timu kama wewe." Machozi yalikuwa yanamtoka Gati na hakuyafuta. "Kama ungekuwa meneja wangu tu, ningekuuliza."

Mzee mmoja akakohoa. Jua lilikuwa linapanda na walikuwa na safari. "Mama, tunangoja neno lako," alisema. "Wako wote?"

Robi aliyajua maneno yenyewe. Aliwahi kumsikia mkwe wake akiyatamka juu ya ng'ombe wake yeye, tena kwa haraka, kama mtu anayewahi gari. Yeye aliyasema polepole.

"Wako wote. Nimepokea."

Gati akapiga magoti, akamsalimia shikamoo kwa mara ya mwisho, akainuka, akafuatana na baba yake kwenye njia ya kushuka. Alitembea vibaya, kama waendesha baiskeli wote wanavyotembea siku ya pili ya mbio, magoti yamekaza. Robi alitaka kumpigia kelele ayakande kwa maji ya moto yenye chumvi. Hakupiga.

Mniko alifunga zizi, akaja akasimama kando yake, anasugua viganja.

"Usihuzunike, dada. Ng'ombe tunazo, tena nzuri kuliko za kwanza. Kuna msichana mmoja Nyegina, nimesikia habari zake. Mrefu, ana nguvu, anabebaga ndoo mbili bila kupumzika."

Robi alifungua mdomo kuuliza kama huyo msichana anajua kuendesha baiskeli. Akalisikia swali lake kabla halijatoka. Akaufunga mdomo, akakaa chini kwenye mavumbi ya zizi la baba yake, kando ya bakuli la uji uliopoa.